Hakuna wa Kumpasia

Lubumbashi,
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpelekee mama huko jikoni, na umwambie nimeitamka kwa sauti hapa mezani kabla ya kuiandika, isije ikamfikia imepoa. Vipi goti? Vipi sikio? Mama alinidokeza kwamba siku hizi unawakimbiza mabondia wako mpaka kule mlimani na kurudi, wewe ukiwafuata kwa baiskeli. Kwa habari hiyo ya baiskeli nimemshukuru Mungu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kama utaona mwandiko umepinda mahali fulani, ni bega la kulia ambalo bado linauma kidogo. Nitakueleza limepatwa na nini. Usimsomee mama sehemu hiyo kwanza.

Nimeamua kuandika kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatufiki mbali. Sikio la kushoto uliliacha ulingoni, na la kulia unaiazima simu kwa dakika mbili tu, kisha nasikia, "Haya, ongea na mama yako." Ninalotaka kukuambia haliingii kwenye dakika mbili. Bahati nzuri dereva wetu mmoja, Mzee Shomari, anaondoka kesho na lori kupitia Kasumbalesa na Tunduma, na Morogoro iko njiani mwake. Ameahidi kukukabidhi bahasha hii mkononi.

Kazi inaendelea vizuri. Bado niko kwenye ile ofisi ya mizigo katikati ya mji, nashughulikia makaratasi ya malori. Mpaka wa Kasumbalesa ukijaa malori, simu zinalia kutwa nzima. Ukipungua, tunakunywa chai. Kiswahili changu bado kinawachekesha. Wanasema naongea kama mtangazaji wa redio, na nikisema "tafadhali" mhudumu wetu huacha anachofanya aje anisikilize vizuri. Mchana tunakula bukari, ndiyo ugali wao, na lengalenga, yaani mchicha. Wiki ya kwanza nililia kwa upweke. Wiki ya tatu nikaona wasichana wanarusha mpira kwenye uwanja wa shule karibu na ninapokaa, na tangu siku hiyo sijalia tena, isipokuwa mara moja, ambayo nayo nitakusimulia.

Huku netiboli haijulikani. Wanacheza mpira wa mikono, na wanaruhusiwa kupiga hatua tatu na mpira mkononi. Mimi nilizoea kudaka na kusimama pale pale, mguu mmoja umeganda chini, naugeuza mwili tu kutafuta wa kumpa. Basi siku za mwanzo nikidaka nasimama kama nguzo, na wenzangu wananipita wakipiga kelele, "Kimbia! Kimbia, dada!" Nahodha wetu anaitwa Chantal, ni muuguzi, mrefu kuliko mlango wa nyumba yetu, na ndiye golikipa. Alinivumilia mpaka nikajifunza kukimbia.

Mvua za Novemba ndizo zilizoanzisha mambo yote. Jumamosi moja mvua ilitukuta uwanjani, tukakimbilia kwenye ghala moja la zamani ng'ambo ya barabara, ambalo wamelifanya ukumbi wa judo. Mwalimu wao, wanamwita Maître Ilunga, ni mtu mfupi mwenye mvi na shingo nene kama yako. Alisimama mlangoni akatuambia, "Muingie, muingie, mais mutoshe biatu!" Kutosha kwao ndiko kuvua, na "mais" ni "lakini" ya Kifaransa. Tukavua viatu, tukajipanga ukutani tukiwa tumelowa, tukawatazama wanavyoangushana kwenye ile mikeka minene wanayoiita tatami.

Wakapumzika. Maître akatuangalia tulivyosongamana, akacheka, akasema, "Mupira iko muzuri kwa kucheka na barafiki. Mais kule unaweza kujificha. Ukichoka, unamupatia mwenzako. Huku hapana kujificha."

Baba, nilihisi kama umetokea mwenyewe mlangoni.

Unakumbuka? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimechaguliwa timu ya mkoa, nimekuja na jezi mpya kukuonyesha. Ulikuwa umekaa barazani na majirani. Ukaishika jezi, ukaigeuza mbele na nyuma, kisha ukasema, "Michezo ya timu ni ya kujificha. Ukichoka unampasia mwenzako. Ulingoni hakuna wa kumpasia." Majirani wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikaenda kuwaletea chai. Nilicheza miaka minne kwenye timu ile na hukuja hata siku moja. Sikuandikii kukushtaki, baba. Nakuandikia kwa sababu maneno yale yalivuka mpaka pamoja nami, na hapa ndipo nilipopata nafasi ya kuyajaribu.

Chantal hakucheka. Alimjibu Maître hapo hapo, akiwa hana viatu na nywele zinamdondoka maji: "Maître, weye ulishakimbia saa muzima nyuma ya mupira? Bantu yako beko na nguvu, sawa. Mais ni nguvu ya kusimama tu!"

Ukumbi mzima ukaguna. Maître akajikuna kidevu. "Bon," akasema. "Tupime."

Wakakubaliana Jumamosi mbili. Ya kwanza sisi tuingie kwenye mikeka yao, ya pili wao waje uwanjani kwetu. Watakaoaibika zaidi watafua makava yote ya ile mikeka.

Jumamosi ya kwanza Maître alianza kwa kupima mikono. Alirusha kimono juu ya boriti, nguo yao ile nzito ya kuchezea, akatuambia tuning'inie kwa kushika kitambaa tu. Mimi niliona ni jambo dogo. Wanaodaka mpira wana vidole, au sivyo? Tulidondoka mmoja baada ya mwingine kabla hata hatujafikiria la kuongea. Kisha akaja Mado wa upande wao. Huyu anauza samaki wakavu sokoni, ananifikia begani, kila alfajiri anashusha magunia yake mwenyewe. Alining'inia pale akitutazama, akapiga gumzo na wenzake, akauliza saa, mpaka Maître akamwambia ashuke maana tunapoteza muda.

Halafu wakanipa Mado nipambane naye. Dakika mbili tu. Wewe unajua nilivyo: mechi nzima naweza kukimbia na bado nikaimba njiani nikirudi nyumbani. Dakika ya kwanza haijaisha, nilikuwa nahema kama niliyetoka kuzama. Alinishika kola na mkono wa nguo, na kila nilipotaka kwenda, alikuwa ameshafika. Akaniangusha mara nne. Mara ya nne hakuniinua, akaketi kando yangu kwenye mkeka, akaniambia taratibu, "Uko nashika pumuzi. Pumuzi haiko mbuzi, mama. Iachilie ikwende."

Ni kweli, nilikuwa nimebana pumzi tangu aliponishika. Niliogopa, baba. Sikuogopa kuumia. Niliogopa kwa sababu mtu mmoja alikuwa ananitazama mimi tu, hana kazi nyingine duniani ila mimi. Uwanjani jambo hilo halijawahi kunitokea.

Siku ile niliandika kwenye daftari: Baba alisema kweli. Nikalala na hasira.

Lakini subiri Jumamosi ya pili. Walikuja uwanjani wamejiamini, tukaanza na mbio fupi, tukawaacha mbali. Ukiwatazama, miguu yao si mizito, ila wanasubiri kuguswa ndipo waondoke. Tukaanza mchezo. Loo! Kila mpira ulipokuwa, wote walikuwa hapo, kama kuku waliomwagiwa mtama. Mado alikuwa na nguvu za kumbeba beki wetu, na kweli alimbeba, akaambiwa ni kosa, akamweka chini akaomba radhi. Mara sita aliachwa peke yake mbele ya goli, na mara zote sita alikuwa ametazama kwingine. Baada ya nusu saa Maître alishika kiuno, ulimi nje. Tuliwafunga mpaka Chantal akaona haya, akatoka golini akaenda kuzungumza na watazamaji.

Mchezo ulipokwisha Mado alinifuata kwenye bomba la maji. Hakuwa na huzuni, alikuwa na swali, na swali lake mpaka leo sijaliacha. "Mi minaona muntu moja," alisema. "Nikitafuta wa pili, ule wa kwanza ananipotea. Mweye munaona bantu yote mara moja. Munafanya namna gani?"

Sikuwahi kujua kwamba nafanya kitu. Nilidhani kila mtu anaona hivyo: yule anachoka, yule anakimbilia pembeni, yule ananitazama kwa hiyo hataki mpira, yule hanitazami kwa hiyo anautaka. Basi tukakubaliana, mimi nimfundishe kutazama na yeye anifundishe kushika. Makava tulifua wote, kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba ameshindwa.

Kwa hiyo baba, kama mkufunzi mwenzako angekuuliza yupi ana mwili bora, wa timu au wa pambano, mimi ningejibu kwa swali: wa kazi gani? Mwili wa Mado una nguvu ya kukaza na kulegeza ndani ya kufumba na kufumbua jicho. Wangu una nguvu ya kwenda na kurudi bila kuhesabu. Shingo yake imeshinda yangu, mapafu yangu yameshinda yake. Yeye akikosea kidogo anaona dari. Mimi nikikosea kidogo, Chantal anaokoa. Hapo ndipo uliposema kweli, na sikatai.

Tangu hapo nilikuwa naenda judo mara mbili kwa wiki, baada ya kazi. Wiki sita za kwanza nilijifunza kuanguka tu. Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita.

Kumbi kadhaa za mjini hapa ziliandaa shindano la kirafiki la wanawake, watatu kwa watatu. Upande wetu walikuwa Mado, msichana mmoja mwanafunzi wa chuo anayeitwa Nana, na Bijou. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe Bijou akaolewa, akahamia Kolwezi na mume. Tulicheza arusi, tukala, na asubuhi yake Maître akagundua kwamba ana watu wawili. Akanitazama.

"Maître, mimi nina mkanda mweupe," nikamwambia. Ndio mkanda wa anayeanza.

"Mukanda ni ya kufunga kimono tu," akanijibu. "Weye uko na miguu. Utaanguka, sawa. Mais usianguke haraka."

Kundi la kwanza tuliwashinda kwa sababu Mado na Nana walimaliza kazi kabla zamu yangu haijafika. Kwenye fainali Mado alishinda tena. Nana akashindwa. Tukawa sare, moja kwa moja, na aliyebaki ni mimi.

Mpinzani wangu alikuwa na mkanda wa kahawia, hatua moja tu chini ya mweusi. Kazi yake ni kuchomelea mageti, na mikono yake inashika kama jiliwa, kile kifaa cha kubania vyuma. Tulipoinamiana kusalimiana nilitamani kumwambia kwamba pana kosa, mimi ni mtu wa makaratasi ya malori. Mwamuzi akatuamuru tuanze. Haikupita nusu dakika nikaruka hewani nikatua ubavuni. Hilo bega ndilo hili. Nusu pointi kwake, na ya pili ingenimaliza.

Nikainuka. Sasa nitakuambia jambo la aibu. Aliponishika tena, macho yangu yaliondoka kwake yakaenda pembeni. Yalikuwa yanatafuta wa kumpasia. Miaka yote hiyo, baba, mazoea hayana adabu! Nikaona nini? Nikaona timu nzima ya mpira wa mikono imekaa pale na jezi zao, sikujua kama watakuja. Chantal alikuwa amesimama juu ya benchi, anapiga kelele, "Mguu! Mguu yako! Geuka!"

Mguu wangu wa netiboli. Ule unaoganda chini. Niliuacha ugande, nikaugeuza mwili wote juu yake kama ninayetafuta wa kumpa mpira, na yule mchomeleaji alikuwa mgongoni kwangu, ananivuta. Na mimi nikauvuta mkono wake mbele. Akapita juu ya bega langu. Sikuamini mpaka niliposikia ukumbi. Nusu pointi kwangu.

Muda ukaisha tuko sawa, tukaongezewa: atakayepata chochote kwanza ndiye mshindi. Alikuwa anahema, mdomo wazi, jasho linamwingia machoni. Mimi pumzi bado ninazo, nazo naziachilia ziende kama nilivyofundishwa. Nikajua ni wangu. Nikamwendea mbio kama dakika ya mwisho ya mechi tunapotafuta goli la ushindi. Na yeye, kwa kuwa alikuwa amechoka, alifanya kitu kidogo kabisa. Alinipisha, akaufagia mguu wangu uliotangulia. Mbio zangu mwenyewe ndizo zilizonimwaga. Mgongo wote chini. Ikaisha.

Nilirudi nikakaa mwisho wa benchi, taulo kichwani, na hapo ndipo nililia. Uwanjani tukifungwa tunagawana. Huyu anasema alichelewa, yule anasema jua lilimpiga machoni, tukifika nyumbani kila mtu amebeba kipande chake kidogo. Hiki nilikuwa nacho chote peke yangu, na sikujua pa kukiweka.

Ndipo nikakukumbuka uliporudi kutoka lile pambano la Tanga, umeshindwa. Nilikuwa darasa la tatu. Uliingia na jicho limefumba, ukaweka kigoda uani, ukaketi umeelekea ukuta, na siku tatu hukusema na mtu. Mimi na kaka Deo tulitembea kwa ncha za vidole. Tulidhani umetukasirikia. Miaka yote hiyo, baba, nilidhani umetukasirikia. Kumbe na wewe hukujua pa kukiweka.

Mado akaja akakaa, akaliondoa taulo kichwani kwangu. "Tumeshindwa," akasema, sauti ya kawaida tu, kama anayesema mvua inakuja.

"Wewe umeshinda," nikamwambia. "Aliyeanguka ni mimi."

"Eeh. Na ulianguka muzuri. Nani alikufundisha kuanguka?"

"Wewe."

"Na ile kimono ni ya nani?"

Ilikuwa ya Bijou. Nana ndiye aliyeifupisha mikono. Mado alinipa soda yake iliyobaki nusu, na upande wa pili Chantal alikuwa tayari analikanda bega langu huku akiwasimulia watu nisiowajua jinsi nilivyomrusha mwenye mkanda wa kahawia, na katika simulizi yake yule dada alikuwa mkubwa mara mbili ya alivyokuwa. Yule dada mwenyewe alikuja akasikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi.

Nilirudi nyumbani nikifikiria kile kigoda chako. Nikamkumbuka mama akikuletea beseni la maji ya chumvi, anakutumbukiza mikono mmoja mmoja. Deo alikuwa amezianika glavu zako juani bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kuwazuia watoto wa jirani wasipige kelele. Hukuwa peke yako, baba. Ulikuwa na timu nzima pale uani. Ila hukutupasia.

Hilo ndilo halikuweza kuingia kwenye dakika mbili za simu. Nimelisema, na moyo wangu mweupe. Uliyosema kuhusu ulingo ni kweli, nimeyaonja mwenyewe. Na mimi nilichokiona kutoka uwanjani ni kweli pia.

Sasa habari nyepesi. Maître amebadilisha ratiba. Kila Jumamosi sisi tunaanza nusu saa kwenye mikeka, kisha wao wanatoka nje kukimbiza mpira nusu saa. Jumapili nyingine tunakimbia wote pamoja kuelekea Karavia, na sasa anamaliza bila kushika kiuno. Anataka kuwa golikipa. Anaruka vizuri mno, maana anajua kuanguka, ila huruka mpira ukiwa umeshaingia. Mado juzi alitoa pasi bila kutazama, yeye mwenyewe akashtuka, akasimama katikati ya uwanja ameziba mdomo.

Nimeomba likizo ya Agosti na nimepewa. Wenzangu wa zamani wa netiboli wanakusanyika kucheza na timu ya walimu, na wameniwekea nafasi. Nakuomba uje. Siombi unishangilie. Kaa tu kiti cha mbele, unitazame mechi nzima kwa lile jicho lako la mkufunzi, kisha tukirudi nyumbani uniambie ulichoona, kibaya na kizuri. Ukisinzia nitajua, maana mimi naona watu wote kwa wakati mmoja.

Nisalimie mama, na umwambie vitenge alivyoagiza nimeshavipata. Msalimie kaka Deo anayekushikia pedi za mazoezi, mwambie aache kuinua kidevu. Msalimie shangazi Vero wa duka la dawa, na bibi yetu aliyenifundisha kusoma, na pia mjomba Kosmas fundi saa, kama bado ananidai hadithi za Kongo basi na asome hapa. Wale majirani wa barazani pia wape salamu zangu, na ukipenda wasomee kipande cha mchomeleaji kwenda juu ya bega.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, hata mistari miwili. Mzee Shomari atapita tena Morogoro akirudi huku na mzigo. Usinipe kisingizio cha kile kidole kilichovunjika, maana kilivunjika cha kushoto, na wewe unaandika kwa mkono wa kulia.

Binti yako akupendaye,
Pelagia